Kuiponya Nchi: Amri na Hiari katika Milima ya Usambara

Katika lugha ya Kisambaa yapo maneno mawili ambayo mtu atakaye kuandika habari za milima ya Usambara hana budi kuyajua kwanza. La kwanza ni kuzifya shi, maana yake kuiponya nchi. La pili ni kubana shi, maana yake kuiharibu. Nchi katika maneno haya ni udongo pamoja na mvua inayoulowesha, migomba na mahindi yanayoota juu yake, mifugo inayolishwa humo na watoto wanaozaliwa humo. Mvua ikija kwa wakati wake, watu wakashiba na kuongezeka, nchi imepona. Jua likichoma mashamba na njaa ikaingia, nchi imeharibiwa; na kwa Wasambaa wa zamani neno kuharibiwa lilidai ajulikane mharibifu. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyekaa na wazee wa Usambara na kuwauliza habari zao, aliyafanya maneno haya kuwa nguzo ya kitabu chake kilichotoka mwaka 1990, na tangu hapo haifai mwanafunzi wa historia kuyapita kama desturi za kale zilizokwisha kazi yake.

Siku hizi habari ya kuharibika kwa mvua na majira imerudi kwa jina jipya. Mabadiliko ya tabia ya nchi yamejadiliwa katika mikutano ya mataifa huko Rio de Janeiro mwaka 1992, Kyoto mwaka 1997 na Paris mwaka 2015, na maazimio hayakosi kutaja kwamba wananchi washirikishwe. Neno hilo lastahili kupimwa. Kiswahili kina kushiriki, tena kina kushirikishwa. Anayeshiriki ana fungu lake katika jambo. Anayeshirikishwa amevutwa na mwingine katika jambo ambalo huenda lilikwisha kuamuliwa. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba katika Usambara, kwa zaidi ya miaka mia moja, juhudi za kuiponya nchi zimesimama au zimeanguka kwa tofauti iliyo baina ya vitenzi hivyo viwili.

Milima yenyewe imegawanywa na bonde la mto Lwengera. Upande wa magharibi ndiko Lushoto, Mlalo na Vugha, mji wa kale wa wafalme wa Kikilindi. Upande wa mashariki, katika wilaya ya Muheza, ndiko Amani. Huko upepo wa Bahari ya Hindi hupanda mlima, hupoa, na kuangusha mvua ipatayo milimita 1,900 kwa mwaka. Na katika misitu hiyo hutoka maji ya mto Zigi, ambayo ndiyo maji ya kunywa ya mji wa Tanga. Pande hizi mbili zina hali tofauti, lakini haziwezi kuandikwa mbalimbali, kwa sababu yaliyotendeka magharibi katika miaka ya 1950 ni ufunguo wa kuyafahamu yaliyotendeka mashariki miaka thelathini baadaye.

Tuanze na enzi ya wafalme. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alitawala pande zote mbili za milima, na mvua ilihesabiwa kuwa ni amana iliyo mikononi mwa mfalme. Mfalme mmoja aliyekubaliwa na watu wote aliweza kuiponya nchi. Watawala wawili waliogombana, nguvu kwa nguvu, waliiharibu. Baada ya kifo chake haya yakaonekana kwa macho. Semboja alishika Mazinde na njia ya biashara, wana wa ukoo mmoja wakapigana, watu wakauzwa utumwani, na mwishoni mwa miaka ya 1860 raia wa mashariki wakawafukuza Wakilindi katika uasi uitwao Kiva. Msomaji wa leo si lazima aamini kwamba mfalme alikuwa na dawa ya mvua. Yafaa hata hivyo atambue hekima iliyofichwa ndani ya imani ile, kwamba hali ya mashamba na hali ya utawala haziachani, na kwamba mwenye mamlaka juu ya nchi hudaiwa habari ya afya yake.

Wajerumani walipoingia waliikata fundo hiyo kwa upanga. Mwaka 1895 walimnyonga mfalme Mputa, na mwaka huo huo serikali yao ikatoa amri iliyotangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Ardhi ya misitu, ambayo Msambaa alikata humo kuni na dawa, akatambikia humo na kuiwekea wajukuu wake, machoni pa mgeni haikuwa na mwenyewe. Huko Derema, jirani na Amani, msitu ulikuwa umekwisha kuanza kufyekwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya kahawa. Kahawa haikustawi, na baadaye chai ikachukua nafasi yake. Mwaka 1902 ikaanzishwa Amani taasisi kubwa ya biolojia na kilimo, chini ya Franz Stuhlmann, ikapandwa miti ya kila pembe ya dunia na mvua ikapimwa siku kwa siku. Kazi ile ilikuwa ya elimu ya kweli, na vipimo vyake vina faida mpaka leo. Lakini wenyeji walikuwamo kama vibarua wa kupalilia na kubeba. Ujuzi wa nchi ukawa wa watu wengine, na nchi yenyewe vivyo hivyo.

Waingereza walirithi mpango huo, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakatia ndani yake hamu mpya ya kuhifadhi udongo. Mwaka 1946 walianzisha katika bonde la Mlalo mradi wa kuokoa ardhi, na kuanzia mwaka 1950 wakaueneza katika Usambara ya magharibi. Hofu yao ilikuwa na msingi, maana watu walikuwa wamezidi, miteremko ilikuwa mikali, na mvua kubwa ilikuwa ikishusha udongo mabondeni. Dawa waliyoichagua ni matuta. Kila mkulima aliamriwa kulipangilia shamba lake kwa matuta yaliyofungana, asilime katika miteremko mikali sana, na mifugo ipunguzwe au iondolewe. Aliyekaidi alipelekwa barazani kwa chifu, akatozwa faini au kufungwa.

Watu walikataa. Mabwana shamba waliandika kwamba Wasambaa ni wakaidi, hawajui faida yao, na wengi wakasadiki. Tukitazama vizuri tunaona sababu zenye akili. Kulima matuta katika mteremko wa mlima ni kazi nzito kupita kiasi, na jembe katika Usambara lilikuwa mikononi mwa wanawake zaidi. Kwa hiyo amri iliyotungwa na wanaume maofisini iliangukia migongo ya wanawake, nao walikuwa mbele katika upinzani. Tena shamba la Kisambaa lilichanganya migomba, mahindi, maharagwe na viazi, likaifunika ardhi kwa majani; tuta lililivuruga shamba la namna hiyo. Kulikuwa na hofu kubwa kuliko zote, kwamba ardhi ikisha kutengenezwa itachukuliwa, na watu hawa walikuwa wameyaona mashamba ya walowezi na misitu ya serikali, kwa hiyo hofu yao haikuwa ndoto.

Zaidi ya hayo, mfalme wa wakati huo, Kimweri Mputa Magogo, aliyetawazwa mwaka 1947, pamoja na machifu waliokuwa chini yake, walifanywa kuwa askari wa matuta. Wale waliopaswa kuiponya nchi wakawa watoza faini. Kwa lugha ya zamani, nguvu ya serikali na nguvu ya watu zilikuwa zimegongana, na mgongano huo wenyewe ndio uliokuwa ukiiharibu nchi. TANU ilipofika milimani katika miaka ya 1950 ilikuta kuni zimekauka. Iliyobaki ni kuwasha. Kufikia mwaka 1958 amri ya matuta ilikuwa imeachwa, na miaka michache baada ya uhuru utawala wa machifu nao ukafutwa. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Hapa lililoshindwa halikuwa lengo la kuhifadhi udongo. Ilishindwa njia ya kulifikia. Lakini hasara ilikuwa ya wote, kwa kuwa kuhifadhi udongo kwenyewe kulibaki na jina baya, na mvua iliendelea kuteremsha ardhi mabondeni bila kujali nani ameshinda siasa.

Ushahidi kwamba kosa lilikuwa katika njia ulitokea miaka iliyofuata, katika milima ile ile. Mwaka 1981 serikali ya Tanzania ikishirikiana na Ujerumani ilianzisha Lushoto mradi wa kuzuia mmomonyoko na kupanda miti mashambani, uliojulikana kwa kifupi SECAP. Mradi ulihimiza kupanda mistari ya majani ya Guatemala na matete kwa kufuata kontua, pamoja na miti. Kazi ya mstari wa majani ni ile ile ya tuta, yaani kuuzuia udongo usiende. Lakini majani hukatwa akalishwa ng'ombe wa maziwa aliye bandani. Ng'ombe hutoa maziwa ya watoto na ya kuuza. Samadi yake hurudi shambani. Mwanamke aliyepanda majani yale aliona jioni faida ya kazi aliyoifanya asubuhi. Mradi huo haukukosa dosari, na si kila mtu aliufuata. Lakini hakuna chifu aliyehitajika kumfunga mtu ili majani yapandwe.

Sasa tuvuke Lwengera turudi Amani. Huko adui wa msitu katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 hakuwa jembe peke yake. Kiwanda cha mbao cha Tanga, kikiwa na mitambo iliyopatikana kwa msaada wa Finland, kiliingia misituni kwa barabara mpya na matrekta, kikavuna miti mikubwa. Nyuma ya matrekta wakafuata wakulima wa iliki. Zao hili hupenda kivuli, basi mkulima huacha miti mirefu na kufyeka yote iliyo chini yake, pamoja na miche ambayo ingekuwa miti ya kesho. Baada ya miaka kadhaa iliki huchoka, na shamba hugeuzwa kuwa la migomba au miwa. Hapa pana jambo ambalo msifu wa hiari asilifiche. Hakuna aliyewaamuru watu kulima iliki. Waliilima kwa hiari yao, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na wengi wao walikuwa watoto wa vibarua wa mashamba ya chai waliotoka mikoa mingine, wasio na ardhi ya ukoo. Hiari isiyo na mkataba wa pamoja huweza kuiharibu nchi sawa na amri.

Mwaka 1989 Alan Hamilton na Robert Bensted-Smith walitoa kitabu juu ya hifadhi ya misitu ya Usambara ya mashariki, na miongoni mwa sura zake imo iliyochunguza kumbukumbu za vituo vya hali ya hewa ili kujua kama tabia ya nchi ya milima ile imebadilika. Hivyo vipimo vilivyoanzishwa na wakoloni kwa faida ya mashamba yao vikatumika kuuliza swali la mkulima, kwa nini mvua si ile ya zamani. Ukataji wa mbao kwa mitambo ulikuwa umekwisha kusitishwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, na Finland iliyosaidia kukata ikawa miongoni mwa wanaosaidia kuhifadhi. Mwaka 1987 ulikuwa umeanza pia mradi wa hifadhi na kilimo uliosimamiwa na Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mazingira, ambao uliteua waratibu kutoka vijijini wenyewe, ukapanda miti ya mipakani pamoja na wanavijiji, na kuvisaidia vijiji kutenga misitu yao. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ya kwanza ya namna yake nchini, yenye hekta 8,380, na ndani yake hekta 1,065 za msitu wa kampuni ya chai. Kisha Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikakipa kijiji haki ya kuwa na msitu wake na kutunga sheria ndogo za kuulinda.

Katika mazingira haya yametokea mambo ambayo mwanahistoria aweza kuyaweka katika mizani. La kwanza ni la Handei, kijiji chenye msitu wake mwenyewe katika Usambara ya mashariki. Eliakimu Zahabu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, katika tasnifu yake ya mwaka 2008, aliutumia msitu huo pamoja na mingine ya Tanzania kuchunguza kama wanavijiji waweza kupima wenyewe kaboni iliyohifadhiwa katika miti. Waliweza. Mtu aliyesoma darasa la saba, akifundishwa kupima unene wa mti na kuandika, hutoa hesabu ya kuaminika, kwa gharama iliyo ndogo kuliko ya mtaalamu anayesafiri kutoka mbali. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Amani ya mwaka 1902 ilipima nchi na kumfanya mwenyeji kibarua. Handei imemfanya mwenyeji mpimaji.

La pili ni la vipepeo. Tangu mwanzo wa karne hii wakulima wa vijiji vinavyoizunguka Amani, wengi wao wanawake, walifuga vipepeo wa asili na kuwauza wakiwa mabuu waliojifunga, wakapelekwa katika maonyesho ya Ulaya na Marekani. Kiwavi wa kipepeo hula majani ya mti maalumu, na mti huo hutoka msituni. Kwa hiyo mfugaji alipanda miti na akawa na sababu ya kuulinda msitu. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, kwa nia ya kukomesha biashara ya magendo ya wanyamapori. Nia ilikuwa njema, lakini amri haikutofautisha twiga na kipepeo, na kipato cha wafugaji kikakatika. Kazi ya hiari iliyojengwa kwa miaka mingi ilisimamishwa kwa karatasi iliyotoka mbali.

La tatu ni la Derema. Ili kuunganisha misitu iliyotengana, eneo la hekta zipatazo 960 lililokuwa na mashamba ya iliki ya vijiji vitano lilitwaliwa liwe hifadhi, na wakulima wakaahidiwa fidia. Fidia ilichelewa, hesabu yake ikagombaniwa, na ardhi mbadala iliyotafutwa ilikuwa chini bondeni, Kibaranga, katika shamba la zamani la mkonge, ambako iliki haistawi. Kwa elimu ya viumbe, njia ile ya msitu ilikuwa ya lazima. Kwa elimu ya historia, ilikumbusha mwaka 1895. Watu wale walikuwa wamehudhuria mikutano, wakaandikwa majina, wakahesabiwa miche yao. Kwa neno moja, walishirikishwa. Lakini uamuzi wenyewe haukuwa wao.

Kwa upande mwingine kuna bonde la Zigi, ambako wakulima wa vijiji vya juu wameunda umoja wao, UWAMAKIZI, na kushirikiana na mamlaka ya maji ya Tanga katika kulinda kingo za mito. Mji wa chini unahitaji maji safi. Kijiji cha juu kina uwezo wa kuyatunza au kuyachafua. Wakikaa pamoja kama wenye haja, kila mmoja akijua anachotoa na anachopata, hapahitajiki mtu wa kumvuta mwingine.

Hapana shaka atatokea msomaji aseme kwamba pengine amri ni ya lazima, na kwamba hatari ya tabia ya nchi ni kubwa mno kungoja ridhaa za watu. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Ridhaa ya kijiji isingeweza peke yake kuyazuia matrekta ya kiwanda. Ilihitajika nguvu ya dola. Na mavuno ya iliki yameonyesha kwamba kila mtu akifuata faida yake, wote hupata hasara. Lakini tutazame amri iliyofaulu ilimkabili nani. Amri iliyomzuia mwenye mitambo ilimlinda mnyonge na msitu kwa pamoja. Amri ya matuta, na ya Derema kwa sehemu, zilimtwisha mnyonge mzigo ili mwingine apate faida. Sheria ni ukuta. Ni juu yetu kuuliza umejengwa upande gani wa nyumba.

Hoja hii inakuwa nzito zaidi tukikumbuka asili ya madhara. Mwanasayansi wa Sweden Svante Arrhenius alikwisha kuhesabu mwaka 1896 kwamba hewa ya ukaa itokanayo na makaa ya mawe yaweza kuipasha dunia joto. Wakati huo viwanda vya Ulaya vilikuwa vikiyachoma kwa wingi, na Msambaa ndiyo kwanza amenyang'anywa msitu. Mkulima wa Amani anaweza kuitunza chemchemi na ukungu wa mlima wake. Moshi wa miji ya mbali hawezi kuuzuia. Wageni wakija kumwomba atunze miti ili isafishe hewa ya dunia nzima, wanakuja kuomba msaada, na mwombaji haingii katika nyumba ya watu na fimbo.

Basi, kwa wanafunzi na wanazuoni wanaotaka kushiriki katika kazi hii vijijini, historia ya Usambara inatoa maswali matatu ya kwenda nayo kabla ya kuchukua jembe au kalamu. Nani ameamua? Nani atafanya kazi? Nani atavuna? Mlalo ya mwaka 1950 iliyajibu kwa majina matatu tofauti: ofisi iliamua, mwanamke alilima, na mavuno yaliogopwa kuwa ya mlowezi. Mistari ya majani ya Lushoto ilikaribia kuyajibu kwa jina moja. Kazi iliyosalia ni kuyauliza katika kila msitu wa kijiji na kila mkataba wa kaboni utakaoletwa mlimani, na kuandika majibu yake kwa lugha ambayo wanakijiji wenyewe wataisoma na kuisahihisha. Wazee waliosema kuzifya shi hawakujua hesabu ya kaboni. Walijua kwamba nchi haiponi mpaka wenye nguvu juu yake na wenye jasho ndani yake wamepatana.